Mama Mkwe na Sokwe Aliyeogopa Miti

Mama mkwe wangu alikuja Kolwezi kutoka Kasai kumwogesha mjukuu wake wa kwanza. Alisema atakaa wiki mbili. Kisha Jumapili moja alasiri akaketi kwenye kiti changu, akawasha televisheni yangu, akakuta kipindi cha sokwe yatima wanaolelewa na akina mama ili siku moja warudishwe msituni. Wiki mbili zikafa palepale.

"Mi narudia kwetu siku uyu mutoto atarudia mu pori," alimwambia binti yake, akionyesha sokwe mdogo mwenye sikio lililochanika.

Niliyasikia hayo nikiwa koridoni. Kwetu sisi watu wa Kasai, mkwe na mama mkwe hawakai chumba kimoja, hawali pamoja, hawatazamani usoni, na mmoja akiwa na neno, humpa mtu wa tatu alipeleke. Babu zetu walioletwa huku kuchimba shaba waliacha mambo mengi njiani, lakini hilo hawakuliacha. Nyumba yangu ina sebule moja na televisheni moja. Basi Jumapili zote nilikaa kwenye kigoda kando ya kabati la viatu, nyuma ya pazia, na pazia nililitoboa tundu dogo. Sioni haya. Mwanamume anapaswa kujua yanayoendelea nyumbani kwake.

Kwa hiyo hakuna mtu katika mkoa mzima wa Lualaba aliyemwombea sokwe yule mafanikio kama mimi. Akipanda mti tu, napata kiti changu. Lakini wapi! Wenzake walipanda, yeye akang'ang'ania mguu wa mama mlezi wake. Wenzake walifundishwa kuvunja kokwa kwa jiwe, yeye akajiponda kidole, akalia, akabebwa mgongoni.

"Panda, mjinga wee!" nilinong'ona.

"Bamuache!" alilalamika mama mkwe upande wa pili. "Iko na woga!"

Tena msimulizi alisema Kifaransa, na mama mkwe hajui Kifaransa. Mwanzoni mke wangu alitafsiri, dakika nzima ya maneno akiitoa kwa neno moja: "Anakula." Halafu akarudi kwenye kwaya yake, inayofanya mazoezi saa ileile, akatuacha bila mtu wa tatu.

Jumapili hiyo mama mkwe akaigeukia televisheni.

"We televizio, mi sijui uyu muzungu anasema nini."

Nikachukua buti langu la kazi, lile ninalovaa kwenye machimbo ya Kingamyambo, nikalipakata.

"We kiatu," nikaliambia, "anasema mutoto alilala bibaya. Aliota mama yake."

Mama mkwe akaiinamishia televisheni kichwa.

"Televizio, aksanti."

Ndivyo tulivyoanza kuongea, yeye na televisheni, mimi na kiatu. Nilitafsiri kwa bidii, na msimulizi alipokuwa mkavu nilitia chumvi. Jumapili ya tatu, sahani ya karanga ilisukumwa chini ya pazia kwa mpini wa ufagio. Iliyofuata, ukaja mto wa kukalia.

"Televizio," alieleza, "ile kiti ya kiatu iko nguvu sana, inaumiza."

Mama yangu alifariki kabla sijaota meno, nikalelewa na mashangazi, nyumba hii mwezi huu, ile mwezi ujao. Hakuna aliyewahi kuniuliza kama ninapokaa panauma. Niliukalia mto ule nikatafuna karanga zangu kwa furaha ya kijinga, mpaka nikakumbuka kwamba nataka huyu mama aondoke. Nikaendelea kutafuna, polepole zaidi.

Kipindi cha mwisho kilifika. Mimi mwenyewe nilikuwa nimekitangaza kwa kiatu wiki moja kabla. Mke alikuwa kwaya, mtoto amelala. Msimulizi akasema, kwa sauti ya sherehe, kwamba yatima wa sikio lililochanika yuko tayari. Mlango wa kizimba ukafunguliwa. Yule mjinga akautazama mti, akajikuna kichwa, akapanda. Akapanda tena, majani yakamfunika. Mama mlezi wake akafuta machozi.

"Televizio," mama mkwe aliuliza, "banasema nini? Anaenda?"

Kiti changu kilikuwa hatua nne tu kutoka pale. Kupitia tundu niliiona pia valisi yake ya nguo mlangoni, imefungwa tangu asubuhi, na moyo ukaniuma vibaya.

"We kiatu," nikasema, "banasema bado. Banasema haiko tayari hata kidogo."

Kwenye televisheni matawi yalikuwa yakitikisika, sokwe haonekani, muziki wa kufunga unapigwa. Hata yule mtoto mchanga angeelewa. Mama mkwe aliutazama msitu mpaka majina yote ya waliotengeneza kipindi yakapita.

"Basi, televizio," alisema mwishowe, "kama ye iko bado, mi pia niko bado."

Kisha nikamsikia akiiburuta valisi kuirudisha chumbani.