Maji ya kisima kwenye tangi la samaki

Leo nimeogopa mara mbili, na ile ya pili bado haijaisha.

Mimi ni mtu wa Busia, kazi yangu kuchimba mitaro. Lakini hoteli iliyoniandika hapa Burat imenipa pia tangi la samaki wa bahari nilitunze.

Asubuhi mwenye hoteli, Mama Halima, alipima maji akakuta naitreti imepanda. Hiyo ni sumu inayotokana na kinyesi cha samaki.

"Fundi, punguza hayo maji, uweke mengine ya chumvi."

Chumvi ya dukani ilikuwa imeisha. Nikajiambia, kisima chetu si kina chumvi? Hata kwenye chai unaisikia.

Nikatoa ndoo nne za tangi, nikamimina nne za kisima.

Samaki wakapanda juu kuhema. Jamani, niliona kazi imeenda!

Mama Halima akatia dawa ya kupimia kwenye maji yaliyobaki ndooni. Yakawa mekundu kuliko yale ya tangi, maana yake naitreti imezidi.

"Umetoa wapi haya?"

"Kisimani, mama."

Hakunigombeza. Alikimbia jikoni, akamnyang'anya mpishi chupa ya mtoto wake iliyokorogwa kwa maji ya kisima, maana sumu hiyo huwadhuru zaidi watoto wachanga.

Sisi wote tunakunywa hapo. Mimi huu mwaka wa pili.

Nyinyi wenye visima, mmewahi kupima?