Pumzi Niliyoifuta

Nina masikio mabaya. Si mabovu, mabaya: yanasikia hata kile ambacho mtu hakukusudia kisikike. Mtu akifyonza chai mezani, mimi chakula kinanikwama. Kwa hiyo redio yetu ya Bukavu ilipopata kompyuta yake ya kwanza ya kukatia sauti, miaka ile ya vita, mji ukiwa mikononi mwa waasi, wenzangu hawakubishana. Walinisukumia kiti. Nilikuwa msichana aliyetoka chuo, sina kazi nyingine, na baada ya mwezi mmoja nilijiona fundi ambaye dunia nzima ilikuwa inamsubiri.

Sauti ilitokea kwenye kioo kama vilima. Katikati ya vilima kulikuwa na vijiti vyembamba: hapo ulimi umebanduka kwenye kaakaa, hapo mate yamepasuka, hapo midomo imeachana. Nilikuza picha, nikakizungushia kijiti alama, nikafuta. Kisha nilizifuata pumzi, yale mavimbe madogo kabla ya kila sentensi, nikazishusha hadi kimya. Watangazaji niliwagombeza wote. Wengine walikuwa wanatafuna karanga na kuingia moja kwa moja kwenye mikro, jamani, halafu wanataka niwasaidie. Niliwalazimisha kunywa maji kwanza. Waliniita maman usafi, nami sikukasirika hata kidogo.

Hata hewani tulijigamba. Mimi mwenyewe niliingia kwenye kipindi cha asubuhi nikaeleza kwamba mashine yetu inaweza kukata neno na kuunganisha neno, na msikilizaji asijue mahali penye mshono. Wazee walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Mimi nilijitembeza.

Ndipo akaja mama mzee kutoka mtaa wa Nyalukemba. Zamani, kabla ya vita, alikuwa anasoma masomo ya misa ya Jumapili kwenye redio yetu hiyohiyo, na sauti yake ilikuwa bado kwenye kaseti zetu. Kisha kifua kikamshika. Sasa hakuweza kusema maneno manne bila kusimama kuvuta hewa, na hewa yenyewe ilipiga mluzi. Binti yake wa pekee alikimbia risasi za mwanzo pamoja na familia ya mume wake hadi Luberizi, kwenye mashamba ya mpunga. Nyumba walimomwacha mama iliporwa, yeye akahamia Nyalukemba, na watu walipeleka habari kule kwamba ameuawa ndani. Hakukuwa na simu, na barabara ilikuwa inafungwa na kufunguliwa kama wenye bunduki wapendavyo. Mama alitaka jambo moja tu: binti ajue kwamba yeye yuko hai, arudi waonane kabla kifua hakijammaliza.

Alisema ujumbe wake kwa shida, akasimama mara nyingi, akameza mate, akakohoa. Mimi nilikaa na sauti ile mchana mzima. Niliondoa kikohozi, nikaondoa mluzi, nikaondoa kila pumzi, nikayasogeza maneno yakaribiane. Nikahifadhi juu ya ile ya kwanza, maana nafasi ndani ya mashine ilikuwa ndogo. Siku ya pili nilimvalisha kaske za masikio asikilize. Alisikiliza hadi mwisho, akazivua polepole.

“Mutoto wangu, huyu ni mimi? Anasoma muzuri sana.”

Nilidhani ananisifu. Nilifurahi siku nzima.

Tulirusha ujumbe wiki nzima. Mama alikuja kila Alhamisi kuuliza kama kuna jibu, akaketi kwenye benchi la mlangoni hadi hewa imrudie, akaenda. Jibu lililetwa na mwanamke mmoja mchuuzi wa mchele, aliyetoka Luberizi barabara ilipofunguka. Bahati yangu, au aibu yangu, nilikuwa peke yangu mapokezi. Alisema binti alisikia vizuri kabisa, na majirani walikuwepo. Sauti ilipokwisha, binti aliinama akalia. Binti alisema mama yake hawezi tena hata kumwambia mgeni karibu bila kupumzika. Yeye ndiye aliyekuwa anamkanda kifua usiku, anakijua. Sauti ile ni ya zamani, ya masomo ya misa. Redio wamekata na kushona kwa ile mashine yao, kwa sababu wakubwa wanataka watu warudi mjini ionekane kuna amani. Na kama mwenye sauti angekuwa hai, wangehitaji kaseti ya nini? Kesho yake alinyoa kichwa kwa msiba, wakamfanyia mama matanga.

Niliona haya hadi kwenye nyayo. Mtu alinipa ushahidi kwamba anapumua, na mimi nikaufuta kijiti kwa kijiti, tena kwa bidii.

Sauti ya kwanza haikuwepo tena. Nilibeba kinasa sauti nikaenda Nyalukemba. Nilimkuta mama kitandani, amepungua. Habari za matanga sikuthubutu kumpa. Nilimwambia tu kwamba ile kazi niliiharibu, arudie. Hakuuliza. Alisema taratibu, akasimama, akavuta ule mluzi wake, akaomba maji, akanywa, akaendelea. Niliiacha yote, hadi mlio wa kikombe kikirudishwa kwenye kisahani. Redioni mkuu wetu alishangaa: wiki zote hizi umetuhubiria usafi, leo unatuletea kikohozi? Nilimjibu kwa ukali kuliko alivyostahili kwamba kikohozi hicho ndicho ujumbe. Aliniangalia, akaweka sahihi.

Tuliirusha, na wiki ya pili binti alifika. Alikuja redioni kwanza, vumbi la tambarare hadi magotini, kitambaa kimefungwa kichwani, akaomba mtu wa kumwonyesha nyumba alimohamia mama. Nilitoka naye mimi. Njiani nilimwambia yote, bila kujitetea. Aliuliza tu kama mama anakula. Nilisema anakula uji. Akasema vizuri.

Walipokumbatiana, kitambaa kiliteleza. Mama alipitisha kiganja juu ya kile kichwa chenye vinywele vifupi, akarudia tena.

“Ulinyoa juu ya nani?”

Binti alinitazama.

“Juu yako, maman.”

Mama alivuta hewa mara mbili, tatu. Nilitaka ardhi inifunike. Kisha nikaona anacheka, kidogo kidogo, jinsi kifua kilivyomruhusu.

“Basi nilishaliliwa. Siku nitakufa kweli, usinyoe tena. Sitaki kuliliwa mara mbili ya bure. Usuke, unisindikize muzuri.”

Walikaa pamoja miezi kadhaa. Mara nyingine nilipita na sukari, nikaketi, mama akanitania kwamba nimekuja kumfuta pumzi. Nilicheka, lakini iliniuma kila mara, na sidhani hakujua.

Alipofariki, binti alitii. Alikwenda makaburini amesuka mistari mizuri, inayong'aa mafuta. Nilikuwa nimesimama nyuma, kati ya wamama wa parokia, nikawasikia wakinong'ona: tazameni mtoto huyu, mama amemngoja miaka, naye hata wembe hakuupitisha kichwani, huko mpungani walimfundisha nini? Yeye pia alisikia. Aligeuka kidogo, akaniona, akarudisha macho yake kaburini. Ningeweza kuwaambia kwamba alishanyoa, na ni nani aliyemnyoa. Ilikuwa sentensi moja tu. Sikuisema.