Saini Tatu za Mwalimu

"Uthibitisho wa Ufanano wa Saini ya Mwombaji." Hilo ndilo jina la karatasi unayojaza ofisi ya serikali ya mtaa, kwetu Temeke, ukitaka barua ya kubadilishia kadi ya matibabu. Unasaini mara tatu, karani analinganisha. Zisipofanana, jirani yeyote anaweza kusimama akasema, "Huyu namjua," na mhuri unagongwa.

Jumatatu, mbele yangu kwenye foleni, alikuwepo mwalimu mstaafu mwenye Parkinson, ugonjwa wa kutetemeka, pamoja na mkewe. Saini ya kwanza ilitoka ndogo kama sisimizi. Ya pili ikawa ndogo zaidi, ya tatu haikusomeka kabisa. Akafuta jasho, akamshika mkewe mkono: "Wamefunga mlango? Tutatokaje?" Mlango ulikuwa wazi.

"Shikamoo mzee. Mbona una wasiwasi hivyo?" karani akauliza. "Mtu mwenye saini yake hahangaiki."

"Mwanangu, wasiwasi huo nao ni ugonjwa," mkewe akajibu. "Daktari katuambia, unatoka kulekule unakotoka mtetemeko."

"Basi huo ugonjwa nao usaini, mama."

Foleni ikacheka. Nami nikacheka, maana mie ni dhaifu kwa jibu lililokaa vizuri.

Mwalimu yule namjua miaka ishirini. Kanifundishia wanangu wote. Lakini nilihofia karani akichukia atanikazia na mie. Wasiwasi wangu haukuwa na daktari wa kuutetea.

Sikusimama. Mwalimu aliondoka bila barua, mie nikapewa yangu.