Katoni Kumi na Nane za Jirani

Kabla sijaolewa nilifanya kazi miaka minne katika depo ya mzee mmoja Mwislamu, mwenye malori, aliyepeleka sahani na sufuria kutoka Kolwezi mpaka Musumba. Barabara ile haikuwa na huruma. Sahani iliyofungwa vibaya ilifika vipande. Nilijifunza kutazama rundo la vyombo na kusema bila kupima: hapa zinaingia katoni sita, majani makavu gunia moja, kamba mizunguko miwili. Nilikosea mara chache, na nilijivunia. Ndiyo maana jirani yangu aliniita siku mume wake alipomwambia kwamba wanahama.

Tuliishi mtaa wa Musonoi, hapo Kolwezi, ukuta kwa ukuta. Mume wake alikuwa karani mgodini, mtu wa asili ya Kasai, mkoa wa jirani. Yeye mwenyewe, mwenye asili hiyohiyo, alizaliwa Kolwezi, na wazazi wake walizikwa Kolwezi. Mume wangu ni wa mkoa wetu huu wa Katanga, upande wa kaskazini. Kwa miaka tisa jambo hilo halikuwa na uzito kati yetu; mtoto wangu wa kwanza alipozaliwa kabla ya wakati, ni huyu jirani aliyempokea kwa mikono yake. Kisha mgodi ukaanza kufa, mishahara ikakoma, na wakubwa wakasimama kwenye mikutano kusema nani ni mwenye nchi na nani ni mgeni. Haukupita muda, vijana wakapita wakiandika kwa chaki milango ya waliotakiwa kuondoka. Mlango wao uliandikwa. Wetu haukuandikwa.

“Mama, kuja unipimie,” aliniambia. “Mi sijue bitu hii yote itaingia mu katoni ngapi.”

Nilizunguka vyumba vitatu na jiko. Sufuria, vyombo vya arusi, vitabu vya karani, nguo za watoto watano, mashini ya kushona. Mama mkwe wake, bibi mzee sana, alikuwa ameketi kitandani na rozari yake. Nilipomaliza kutazama chumba akaniuliza, “Na mimi, unanihesabia katoni ngapi?” Jirani yangu alicheka. Mimi sikujua niweke uso wangu wapi.

“Kumi na nane,” nikamwambia jirani yangu. “Na magunia sita, na kamba.”

Aliandika nyuma ya daftari la mtoto, kana kwamba tunapanga safari ya kawaida. Lakini mtaa mzima ulikuwa unatafuta katoni. Sokoni hata zile nyembamba za sabuni zilikuwa zimekwisha. Nilikwenda kwa mzee wangu wa depo, akanipa saba za maziwa ya kopo, ngumu, zenye kuta mbili. Nilizibeba kichwani mchana kweupe. Mume wangu alinikuta mlangoni.

“Unataka na mulango yetu baiandike?”

“Mama ule ni ndugu yangu.”

“Minajua. Njo maana naogopa.”

Hakunikataza. Ila siku zile zote alipitia nyuma ya nyumba ili asikutane na karani, mtu ambaye alikuwa akienda naye kazini kila asubuhi. Hilo liliniuma kuliko kama angenipigia kelele.

Siku ya kufunga vyombo ikaja habari kwamba kwenye mabehewa ya treni ya Kasai hakuna nafasi ya mizigo. Kila mtu atapanda na anachoweza kubeba. Kumi na nane zikawa saba, kabla ya jua kutua zikawa tatu. Mashini ya kushona ikabaki. Vyombo vya arusi vikabaki. Tukafika kwenye karatasi: vyeti vya ubatizo, picha, diploma ya kijana wake mkubwa aliyekuwa ametoka kumaliza sekondari. Yeye alitaka kuzishona ndani ya gunia pamoja na mablanketi.

“Gunia tutailalia,” alisema. “Haitatutoka.”

“Hapana, zitakunjika. Weka kwenye katoni ya maziwa, ni ngumu.”

Alinisikiliza, kwa sababu mimi ndiye niliyejua kazi hiyo.

Niliwasindikiza mpaka stesheni nikiwa na katoni moja kichwani. Treni haikuwapo. Familia zilikuwa zimelala pembeni ya reli, chini ya vipande vya turubai, na hakuna aliyejua itakuja lini. Nikawa nawapelekea bukari, ugali wetu, na majani ya mihogo kila baada ya siku mbili. Kisha mvua ikaanza.

Mara ya nne nilimkuta amepiga magoti, anatandika karatasi juu ya jiwe. Katoni ilikuwa imelowa ikaachia chini. Diploma ilikuwa donge. Wino umetawanyika, muhuri hausomeki.

“Nilikuambia gunia,” alisema. Hakuwa na hasira, alikuwa amechoka tu.

Kwa miaka yote ya depo nilifunga mizigo ya lori, chini ya turubai la lori. Sikuwahi kufunga mzigo wa mtu atakayelala nje. Nikamwambia anisamehe. Akanipa ncha ya gunia nishike, tukashona yote yaliyobaki pale palepale, huku bibi akikohoa nyuma yetu.

Treni iliondoka siku ambayo sikwenda. Miezi ikapita kabla ya dereva mmoja wa malori kuniletea habari: walifika Mwene-Ditu, huko Kasai, bila bibi. Alifia njiani, wakamzika kando ya reli. Na kijana alikuwa amekaa tu nyumbani. Bila karatasi hakuna shule ya juu iliyomkubali.

Nilikwenda kwa masista wa shule aliyosoma. Mmoja alitafuta kwenye madaftari yao siku mbili, akalipata jina, akaandika cheti kipya na kugonga muhuri. Nilikiweka mezani nyumbani nikiwaza nani atakipeleka. Asubuhi hakikuwapo. Mume wangu alikuwa amekifunga kwenye plastiki mara tatu na kwenda nacho kwa miguu mpaka kwenye malori ya Kasai.

Jibu lilikuja baada ya mwaka na nusu, mistari minne. Kijana ameanza kusomea ualimu. Mama anatusalimu wote wawili.

Mume wangu alinitaka nimsomee barua mara mbili, halafu akatoka nje, akasimama peke yake ukutani upande wa ile nyumba ya karani, ambamo sasa waliishi watu wengine.