Wembe Mpya wa Shangazi

Ilianza Jumatano, saa tisa alasiri, kinu cha kusagia mawe kilipozimwa na Nyarugusu nzima ikawa kimya kiasi cha kumsikia kuku akipekua majivu. Nilikuwa nimerudi likizo. Nilijilaza mkekani, kanga imeniteremka begani, nusu niko macho, nusu niko kwingine. Shangazi akaingia, akapiga goti karibu yangu, akaweka dole gumba juu ya kovu langu.

"Linapumua," akasema.

Kovu lenyewe liko chini ya mtulinga wa kushoto. Shangazi, dada yake baba, ndiye aliyetutunzia nyumba, maana baba alishinda shimoni akichimba dhahabu. Kazi yake nyingine ni kuchanja chale. Wanawake walimjia hata kutoka upande wa Masumbwe, wengine kwa dawa, wengine kwa urembo, na chale zake zilikaa nyembamba kama unywele uliolala kwenye ngozi. Mimi alinichanja nilipokuwa mdogo, kifua kikinibana. Mbili tu, akapaka dawa nyeusi. Kifua kikapona, lakini chale hazikutulia. Zilivimba, zikasogeleana, zikawa kitu kimoja kama ganda la karanga, kinachong'aa, na joto likizidi kinawasha mpaka natamani kujikuna kwa gunzi. Shuleni, bafuni, kuna mwenzangu aliyekuwa akiniuliza, "Mdudu wako amelala leo?" Basi nikawa naoga alfajiri, peke yangu, maji yakiwa baridi kama chuma.

"Kesho asubuhi nalikata," alisema Shangazi. Akafunua karatasi, akanionyesha wembe mpya. "Wembe ndio ulioliinua, wembe ndio utakaolilaza. Nalisawazisha na ngozi, napaka dawa, basi."

"Mwaka juzi ulilikata, Shangazi."

"Nilikata ncha. Nilimwogopa baba yako. Safari hii nalimaliza." Kisha akacheka kidogo, cheko lisilo na furaha. "Wananicheka, ng'waniki, binti yangu. Jana mmoja nilipomshika mkono nimchanje aliniambia, 'Usije ukaniotesha karanga kama mtoto wa kaka yako.' Akavuta mkono wake."

Kweli ni kwamba baada ya ule mkato wa mwaka juzi kovu lilirudi kubwa kuliko mwanzo. Sikumkumbusha. Mimi ni mtu wa kumeza maneno. Na kweli nyingine, ambayo naandika hapa kwa kuwa karatasi haina macho, ni kwamba nilitaka sana liondoke. Niliposikia neno "nalimaliza" nilijiona nimesimama bafuni mchana, kifua laini kama chungu kilichopakwa udongo mwekundu kabla hakijachomwa, maji yakiteremka bila kukwama popote. Nilikaa ndani ya ndoto hiyo kitambo. Ilikuwa tamu.

Jioni akanituma chumvi. Duka liko kushoto. Miguu ikanipeleka kulia, mpaka zahanati.

Kwenye benchi alikuwapo mchimbaji mmoja, mguu umefungwa vitambaa. Alinitazama juu mpaka chini. "Binti, kama wewe ni mgonjwa, mimi basi ni maiti." Nikaangalia ardhi mpaka dresa, mfunga vidonda wa zahanati, akaniita ndani.

"Shikamoo."

"Marahaba. Unaumwa nini?"

"Kikohozi."

"Kikohozi gani cha kushika bega?"

Nilijua uso unaniwaka. Nikafungua kifungo kimoja, nikageukia dirisha ili nisimwone akiniona. Hakucheka. Alilibonyeza taratibu, akauliza kama linawasha, kama liliwahi kukatwa. Nikamweleza yote, pamoja na habari ya kesho asubuhi.

"Makovu hayafanani," akasema. Akanionyesha nyusi yake, iliyokuwa imekatwa na mstari mweupe. "Hili langu lililala lenyewe, mwaka hadi mwaka. Mengine huinuka lakini hubaki palepale palipokuwa jeraha, na mengi hushuka yenyewe polepole. Lako limetoka nje ya jeraha, limeingia kwenye ngozi iliyokuwa nzima. La namna hiyo ukilikata unalipatia jeraha jipya la kuotea."

"Hakuna dawa?"

"Ya kulifuta, hapa hatuna. Kwenye hospitali kubwa wapo madaktari wanaokata, halafu wanapachoma kwa miali ya eksirei. Kwa wengine hutulia, kwa wengine hurudi. Hapa nyumbani lisugue kwa mafuta kila siku, kwa subira. Kuwasha kutapungua, litalainika kidogo. Halitaondoka. Na usitoboe masikio, usichanje tena popote. Kuna watu ngozi yao ndivyo ilivyo."

"Si kosa la aliyechanja?"

"Angechanja mwingine pangekuwa hivyohivyo."

Nilirudi polepole. Vumbi la njiani lilikuwa limeshika jua la mwisho, na kila mtu aliyepita alionekana amepakwa dhahabu ambayo hakuna aliyeichimba. Nililia kidogo, kwa ajili ya ile ngozi laini niliyoivaa mchana mmoja tu. Nilipofika nikakumbuka chumvi.

"Iko wapi?" Shangazi akauliza.

Tukala majani ya kunde yasiyo na chumvi. Baba akatafuna, akatutazama mmoja mmoja.

Usiku niliota kovu limekuwa kilima, na ng'ombe weupe wanapanda kulisha juu yake, wala hakuna aliyeona ajabu.

Asubuhi baba alikuwa ameshakwenda shimoni. Shangazi alikuwa ameketi uani kwenye kigoda, maji ya moto kwenye bakuli, wembe juu ya sahani, kikopo cha dawa kando. Nikamwamkia.

"Shangazi, usinikate."

"Umesemaje?"

"Jana sikwenda dukani, nilikwenda kwa dresa. Amesema likikatwa litaota tena, litazidi; lisuguliwe mafuta tu, kila siku. Ngozi yangu ndivyo ilivyo. Hata angechanja mtu mwingine ingevimba. Si mkono wako."

"Alisema hivyo? Si mkono wangu?"

"Si mkono wako."

Akaigeuza mikono yake, akaiangalia kiganja kwa kiganja, kama mtu aliyerudishiwa kitu alichoazima na kukisahau. Kisha akapenga kamasi kwa pindo la kanga, akakasirika ghafla.

"Na wembe je? Nimeshaufunua!"

"Nywele zako zimeota, Shangazi."

Alijipapasa kichwa. Kweli zilikuwa zimeota, mvi juu ya nyeusi. Akaguna, akanipisha kwenye kigoda, akaketi chini mbele yangu, akaweka kichwa kati ya magoti yangu.

"Ukimaliza, leta samli," akasema akiwa ameinama. "Huyo dresa wako kusugua hajui, nitasugua mwenyewe. Na ole wako unikate."

Nikachovya wembe kwenye maji ya moto, nikaanzia kisogoni.