Jozi Moja ya Viatu Vyeupe

"Nesi gani wewe unarudi kutoka kazini na soksi nyeupe ndani ya ndala? Au wagonjwa wamekuvua viatu?"

Aliyeuliza ni muuza mkaa, jirani yetu wa mlango wa pili. Binti wa kaka yangu alicheka, akapita. Mimi sikucheka, kwa sababu nilijua viatu viko wapi. Vilikuwa wodini, miguuni mwa mwenzake.

Binti huyu anaishi kwangu, anasomea uuguzi mwaka wa pili. Mtaani wanamwita Nesi tangu hajajua hata kupima presha, kwa vile alikuwa akiwafunga watoto wa uani vidonda kwa vipande vya shuka kuukuu. Baba yake ni seremala. Barua ya kujiunga na chuo ilipofika, alisoma ada, akasoma pesa ya mtihani, akauza mashine yake ya kuranda mbao. Alilipa vyote, akarudi kuranda kwa mkono. Akanipigia simu: "Dada, mzigo nimeutua." Maskini kaka yangu. Mzigo ndio kwanza ulikuwa unapandishwa.

Wiki ya kwanza tu waliambiwa waje na boksi la glavu, maana glavu za hospitali ni za waajiriwa. Halafu ikaja saa yenye mshale wa sekunde, ya kuhesabia mapigo ya moyo. Nauli nayo, hospitali ya mafunzo iko upande wa pili wa mji. Mwisho viatu: vyeupe, vya ngozi, vya kufunika mguu, visivyopiga kelele. Katika ile barua hakikuandikwa hata kimoja. Vilitamkwa darasani hivi hivi, kama mtu anavyosema kesho mje na kalamu.

Pesa ya viatu haikuwepo. Nesi akachanga na mwenzake, msichana tunayemwita Mrefu, wakanunua jozi moja. Nesi yuko zamu ya asubuhi, Mrefu ya jioni. Huyu akitoka anavua, yule anavaa. Mrefu ana mguu mkubwa, kwa hiyo Nesi anajaza pamba mbele. Nilipoambiwa nilimshukuru Mungu kwa akili aliyowapa, huku moyo unaniuma.

Basi wakaja wakaguzi. Chuo kikatangaza kwamba wiki hiyo wanafunzi wote waingie asubuhi. Nilifungua mlango alfajiri nikawakuta wamekaa kizingitini, viatu vipo katikati yao.

"Vaa wewe," Nesi anasema. "Leo unapimwa kuchoma sindano."

"Na wewe utaingia na nini, nyayo?"

"Raba zangu. Nimezipaka chokaa."

"Chokaa? Ukikanyaga maji ya deki utaacha alama wodi nzima kama jini."

"Basi watajua nilipita."

Nesi hata kitanda cha mgonjwa hakukifikia. Sista msimamizi alimtazama miguu, akamtoa nje watu wakiona, akamwambia asirudi mpaka wakaguzi waondoke. Mtoto akaja nyumbani, akaanika raba juani.

"Shangazi, usimwambie baba," alisema. "Atauza na nyundo."

Wiki yote akaandikwa mtoro. Mtoro akitaka kurudia zamu alizokosa hulipa faini, na faini inazidi bei ya viatu. Asiporudia hafanyi mtihani, na mwaka umekwenda na maji.

Nikajifunga kitambaa, nikamshika mkono, tukaenda kwa mkuu wa chuo. Mimi si mtu wa kugombana, na njiani nilisali nisigombane.

"Mama, wazazi mjipange," mkuu alisema. "Uuguzi una gharama zake."

"Tujipange vipi, baba, kwa kitu hamjatuambia? Tuote?"

"Viatu vyeupe kila mtu anajua."

"Seremala hajui. Ameuza kitendea kazi chake alipe mlichoandika. Kuongeza mstari mmoja kwenye barua, wino ulikuwa umekwisha?"

Naandika haya na uchungu haujanitoka, kwa sababu mtoto yule hakuiba, hakulewa, hakumtukana mgonjwa. Alifukuzwa ili wageni waone miguu misafi. Nao waliiona, wakasaini, wakaondoka, wala hakuna aliyewaambia nani amebaki nje ya geti.

Mkuu akamgeukia Nesi, akamuuliza kama ana neno. Nilidhani ataomba asamehewe faini. Alisimama, mikono nyuma, kama wanavyofundishwa kusimama mbele ya daktari.

"Mkuu, faini tutaitafuta. Naomba tu wiki yangu niirudie zamu ya usiku. Asubuhi nina zamu yangu ya kawaida, jioni anavaa mwenzangu; usiku atakuwa ametoka, viatu vitakuwepo."