Kingaradi ya Mayu Minza

Siku yangu ya kwanza kazini, kituo cha hali ya hewa Bariadi, Mkuu wa Kituo alinikabidhi baiskeli, koti la mvua na ufunguo wa chumba chenye kihesabu radi, mashine ndogo iliyolia "tik" kila radi ilipopiga karibu na mbali. Akaniambia, "Kijana, kazi yako ni kuhesabu. Watu watakuuliza mengine. Wewe hesabu." Nilikuwa na shahada ya fizikia na kichwa kikubwa. Wiki haikuisha nilikuwa nimeshachoka kuhesabu.

Ilikuwa miaka ya ruksa. Ninyi vijana mmezaliwa mkakuta kila kitu kinauzwa, hamjui kizunguzungu tulichokipata sisi. Ushirika uliozoea kununua pamba peke yake ukaanza kupitwa na malori ya watu binafsi. Mitumba ikajaa minadani, mahubiri yakaja na vipaza sauti, waganga nao wakatundika vibao. Huyu anaezeka bati, jirani yake anauza plau. Kila mtu akawa anamchungulia mwenzake. Mimi sikuyaona hayo, macho yangu yalikuwa mawinguni.

Kimoja cha vituo vyangu vya vipimo kilikuwa kijijini, upande wa Migato, wakati huo bado wilaya ya Bariadi. Hapo nilikuwa nafikia kwa mjane mmoja, Mayu Minza. Mayu ni mama kwa Kisukuma, na kweli alinilea, kwa michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, na maziwa ya mgando. Kuni zilikuwa haba, akawa anapikia kinyesi cha ng'ombe kilichokauka, na moshi ule ulimtia macho mekundu. Kwetu macho mekundu kwa mwanamke mzee ni balaa, ataitwa mchawi. Wengi wamekufa kwa hayo tu.

Masika ile radi iliua ng'ombe sita wa jirani yake, Masunga, wawili wakiwa maksai wa kulimia. Siku chache kabla walikuwa wamegombana, kwa sababu ng'ombe haohao waliingia kwenye pamba ya mayu. Maneno yakaanza: radi imetumwa.

Nilikasirika sana. Nikaomba kituoni fimbo ya shaba na waya, nikaenda kufunga kingaradi juu ya nyumba yake. Kazi yake si ngumu kueleza: ncha ya shaba inaidaka radi, nayo inateremkia kwenye waya, inazama ardhini, na aliye ndani anasalimika. Niliwaza kwamba watu wakiona radi ina njia yake, watajua haina mtumaji. Mayu alisimama chini ya ngazi.

"Ng'wanawane, mwanangu, hicho kitu usiniwekee. Watu wana macho."

"Mayu, hii ni sayansi."

"Haya, ni sayansi. Sasa mbona hujaiweka kwa Masunga?"

Nikacheka. Kicheko kile kinaniuma mpaka leo.

Haikupita wiki mbili, radi ikapiga ile shaba mchana kweupe, watu wako mashambani wanaona. Mambo yalikwenda kama kitabu kilivyosema. Mayu akatoka nje mzima, akijipangusa vumbi. Habari ziliponifikia nilishangilia, na Mkuu wa Kituo akanitazama kama mtu mwenye homa.

"Unafurahia nini?" akauliza. "Si umewaonyesha kwamba radi inapajua kwake?"

Sungusungu, walinzi wa kijiji, wakaitisha mkutano. Nikaenda na ubao na chaki, nikachora wingu, chaji na waya. Masunga akasimama. Hakuwa mtu mkorofi, na alinisikiliza mpaka mwisho.

"Wabeja, asante, mwalimu. Tumeelewa. Umeme uko winguni, unashuka. Hatubishi. Ila kwangu ulikuja kuua, kwake umekuja kusalimia. Kwani mbwa humng'ata mwenyewe?"

Watu wakaguna. Nilijua radi inavyoshuka. Lakini kwa nini ishukie kwa Masunga na si kwa mwingine, sikuwa na neno ambalo mtu aliyefiwa na maksai angelipokea. Nikafuta ubao wangu.

Mayu akatengwa: asisalimiwe, asigawiwe moto, asiende msibani. Baada ya hapo kinachofuata ni panga, kila mtu alilijua hilo. Asubuhi nikampakia kwenye lori la pamba, na sufuria mbili na kigoda chake, mpaka Binza kule Maswa, kwa binti yake. Njia nzima alitazama nyuma.

Nikarudi chuoni kuomba kusomea saikolojia ya dini, yaani namna imani inavyokaa ndani ya mtu na kumwendesha. Mkuu wa Idara ya Fizikia akavua miwani. "Unaacha vipimo, unakwenda kwa waganga?"

"Nakwenda kuuliza, mzee."

"Kuuliza nini?"

Nikamsogezea fomu. Akatia sahihi kwa hasira.

Kazi mpya nayo ilinitoa jasho. Nilikwenda Lingeka na dodoso, karatasi ya maswali, swali la kwanza likiwa: je, unaamini uchawi? Wote wakajibu hapana, wakanikaribisha ugali. Mzee mmoja akaninong'oneza, "Ukiuliza kama polisi, tutakujibu kama polisi." Basi nikajifunza kuuliza, "Ilikuwaje siku ile?" kisha nifunge mdomo. Nimewasikiliza wachuuzi wa samaki wa Lamadi, wachungaji, waganga, na watu waliowafukuza mama zao wa kuwazaa. Sikutulia popote. Mke wangu alikuwa akisema sanduku langu halijawahi kukaa tupu. Nilikuwa naikimbia Binza, na nilijijua.

Nilipostaafu visingizio viliniishia, nikaenda. Mayu Minza yu hai, ameinama, macho sasa meupe kwa ukungu wa uzee.

"Umezeeka, ng'wanawane," akasema alipoishika mikono yangu.

Nikauliza kama nilivyozoea kuwauliza wengine. "Ilikuwaje siku ile, mayu?"

"Ng'ombe wa Masunga walipokufa, nilifurahi. Kidogo tu. Halafu radi ikaja kwangu, ikaniacha. Toka siku ile najiuliza kama ni mimi."

Miaka yote nilidhani nilimpotezea nyumba tu.

"Si wewe, mayu."

"Umejuaje?"

Ndipo nikamuuliza lile nililopaswa kumuuliza siku ile ya ngazi. "Unataka nifanye nini?"

"Nipeleke kwenye kaburi la mume wangu. Nataka kusimama pale kwangu, mchana, watu wananiona."

Jana nimempigia simu Masunga. Nilieleza yote. Kisha nikasikia anakohoa.

"Mwambie aje," akasema. "Mbwa nitawafunga."